Kibano cha kienyeji cha kushikia chenso wakati wa kunoa: nani ametengeneza akafanikiwa?

Nyololo_Mbao (Mufindi)

Wakuu, habari za kazi.

Niko Mufindi, upande wa Nyololo. Kazi yangu ni kuangusha misindano na kukata magogo kwenye mashamba ya miti ya watu binafsi, kisha magogo yanabebwa kwenda kwenye dingdong (mashine ya kupasulia mbao) kupasuliwa. Miaka mitatu nilikuwa kibarua wa kuburuza magogo, na mwaka jana mwezi wa nane nikanunua chenso (msumeno wa injini) yangu ya kwanza, MS 381 ya mtumba, yenye baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) ya inchi 20. Naipenda hii mashine kama mtu anavyopenda ng'ombe wake wa kwanza.

Kinachonishinda ni kunoa. Nanoa palepale porini, nimekaa juu ya gogo, chenso nimeibana kwa magoti, mkono wa kushoto umeshika baa na wa kulia umeshika tupa. Mashine inacheza. Jino la kwanza linatoka vizuri. La kumi mkono umeshachoka. Nikifika la ishirini sikumbuki tena nilianza kwa pembe gani. Cheni yangu ina meno 36, kwa hiyo nusu ya pili ya cheni nanoa kwa kubahatisha.

Matokeo yake, chenso inakata kona. Naanza mkato wima kabisa kwenye gogo la sentimita 35, nikifika chini umeshahamia kulia upana wa vidole viwili. Mwenye dingdong ananiambia vichwa vya magogo yangu ni vya mshazari, ubao anaoupata ni mfupi, na ananikata hela kwa hilo. Siwezi kumlaumu, ubao mfupi ni mfupi.

Wiki iliyopita baa iliteleza nikiwa nasukuma tupa. Jino lilinichana kidole gumba cha kushoto, nikashonwa nyuzi tatu zahanati. Siku nne sikufanya kazi.

Nimeona picha ya vibano vya chuma vyenye meno mawili chini, unavipigilia kwenye kisiki na baa inakaa katikati. Hapa madukani sijaviona, ila chakavu za chuma zipo tele na fundi wa kuchomelea yupo barabarani. Nataka nitengeneze cha kwangu. Nisaidieni: kibane mwili wa mashine au baa? Kiwe cha chuma au cha mbao? Na kama ulishatengeneza kikakushinda, tafadhali sema kilishindwa wapi, maana hapo ndipo nitakapojifunza.

Tupa ninayotumia ni ile ya pembe tatu ya kunolea misumeno ya mkono. Nilirithi kwa mzee wangu.

---

Mzee_Miwati (Njombe)

Pole sana kwa kidole, mwanangu. Kuanzia leo usinoe tena magotini, hata kama kazi inakusubiri.

Nianze na tupa, kwa sababu hata upate kibano cha dhahabu, kwa tupa ya pembe tatu utaendelea kuharibu cheni. Hiyo ni ya msumeno wa mkono. Cheni ya chenso inataka tupa ya mviringo, na unene wake lazima uendane na cheni. Mashine yako kwa kawaida inavaa cheni ya saizi ya 3/8, hiyo ni tupa ya milimita 5.2. Mwenye cheni ya .325 anatumia 4.8. Hizi chenso ndogo za bustani zenye cheni nyembamba ni 4.0. Ukitumia nyembamba mno inachimba chini ya jino na kulifanya kama ndoana, ukitumia nene mno jino linakuwa butu kwa mbele. Na tupa iwe na mpini. Nimewaona vijana wanashika ule mkia wa chuma mkono mtupu, siku moja unaingia kiganjani. Kama huna mpini wa dukani, gunzi la muhindi lililokauka linatosha, choma mkia wa tupa katikati yake. Mimi hadi leo natumia gunzi.

Sasa kibano. Nimeshika chenso tangu 1994. Nilianza na ile 070 kubwa ya kupasua mbao porini, enzi hizo mashine ni ya tajiri na sisi ni wasaidizi. Aliyenifundisha kunoa hakuwa na kibano chochote cha chuma. Alikuwa anakata ufa kwenye gogo.

Fanya hivi. Kisiki cha mti uliouangusha vizuri kinatakiwa kiwe kifupi, kwa hiyo hakikufai, utainama mpaka mgongo ulie. Chukua kipande cha gogo kinene cha sentimita 30 hivi, kirefu kiasi kwamba ukikisimamisha na kukichimbia kidogo, kichwa chake kinafika kiunoni. Kwa chenso yenyewe, kata ufa mmoja juu ya kichwa hicho, toka upande mmoja hadi mwingine, kwenda chini kidogo zaidi ya nusu ya upana wa baa yako. Zima mashine. Toa kofia ya plagi. Ngoja eksozi ipoe, usije ukaiegemea. Kisha shusha baa ndani ya ufa, pua ya baa itokeze upande wa pili na mashine ibaki upande wako.

Ufa utakuwa mpana kuliko baa, kwa sababu meno yamejitokeza pande zote mbili. Hapo unahitaji kabari za mti mkavu. Na hapa ndipo watu wengi wanakosea: wanagonga kabari moja, baa inasukumwa mpaka inagusa ukuta wa ufa, meno ya chini yanauma ule ukuta na cheni haizunguki tena. Weka kabari mbili za unene mmoja, moja kila upande, na zote zibane ubavu wa baa, katikati, mbali na cheni. Chini ya cheni ya chini iachie nafasi ya kidole. Ukivuta cheni kwa mkono wenye glavu lazima izunguke bila kukwaruza popote. Kama inakwaruza, hujabana bado.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba unabana baa. Mwili wa mashine ni plastiki na magnesi, una mpira wa kuzuia mtetemo katikati, ukiubana baa bado itacheza. Tena utaupasua.

Cheni yenyewe ikaze kidogo kuliko unavyoikaza ukienda kukata, ili jino lisiyumbe unapolisukuma. Sukuma breki ya cheni mbele wakati unanoa, irudishe unapotaka kusogeza cheni. Ukimaliza kunoa usisahau kuilegeza ile cheni tena.

Umesema mkato unahamia kulia. Chukua rula ya shule upime urefu wa sehemu ya juu ya meno. Nadhani utakuta meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto, kwa sababu cheni hufuata upande wenye meno marefu. Pima ndipo utujibu.

---

Fundi_Ipogolo (Iringa)

Nakubaliana na mzee hapo juu, ila huyu ndugu anahamahama shamba hadi shamba, kuchimbia gogo kila siku ni kazi. Chuma kitamfaa zaidi. Mimi ni mchomeleaji, nimeshawatengenezea wakata miti vibano kama vinne hivi.

Mweleze fundi wako hivi: flatibaa (chuma bapa) ya milimita 6, achomelee herufi U. Kitako urefu sentimita 8, nafasi ya ndani kati ya kuta mbili iwe milimita 25, kuta ziende juu milimita 65. Kabla ya kukata, pima upana wa baa yako pamoja na cheni, maana kuta lazima ziishie chini ya cheni ya juu ili tupa ipite bila kugonga chuma. Ukuta mmoja utoboe tundu milimita 40 kutoka kitakoni, nje yake chomelea nati ya M12. Bolti ya M12 iingie hapo, kichwa chake kichomelewe kipande cha nondo kiwe kama msalaba wa kukazia kwa mkono. Mbele ya bolti weka kibapa kilicho huru, kipande cha milimita 4, ili bolti isichimbe baa. Kibapa hicho kivike ngozi ya kiatu kilichochakaa.

Chini ya kitako chomelea nondo mbili za milimita 12, urefu sentimita 10, zichongwe ncha kwa grinda. Hizo ndizo unazigonga kwenye gogo.

Usimruhusu fundi akuwekee bolti juu karibu na ukingo wa baa. Ule mfereji ambamo cheni inateleza ni mwembamba, milimita 1.6 tu kwa cheni nyingi za saizi yako. Ukibana pale kingo zinajifunga na cheni inakwama, baa imekufa. Bolti ibane katikati.

---

Elburgon_Pawaso (Nakuru)

Jambo ndugu zangu wa Tanzania. Sisi huku tunaiita pawaso, lakini shida ni zile zile.

Mimi hunoa jioni nyumbani, porini sinoi sana, kwa hivyo kibano changu ni cha mbao, kimekaa kwenye meza ya kazi. Ni vipande viwili vya mti mgumu, kila kimoja urefu futi moja na unene inchi mbili. Nimevichonga sehemu ya ndani upande wa chini ili cheni ya chini ikae kwa uwazi, kisha midomo ya juu ndiyo inashika baa. Bolti mbili zinapita chini kabisa, zina nati zenye masikio, nakaza kwa vidole. Midomo nimeigundisha tyubu ya baiskeli. Baa haitelezi na haikwaruzwi. Kimoja kimefungwa kwenye mguu wa meza kwa bolti, kile kingine ndicho kinachocheza.

Urefu wa meza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Baa ikae karibu na kiwiko chako ukiwa umesimama, uone jino kwa jicho moja kwa moja na usukume tupa ikiwa imelala sawa. Ikiwa chini sana mkono wako unateremka na tupa inainama bila wewe kujua. Pia weka meza mahali unaweza kuzunguka. Unanoa meno yote ya upande mmoja, halafu unaenda ng'ambo ya pili unanoa yaliyobaki. Ukitaka kunoa pande zote mbili umesimama pahali pamoja, upande mmoja utakuwa mbaya, hakuna njia nyingine.

Kuhusu tupa ya mviringo ambayo Mzee ameongea, niongeze kidogo kwa nini ni ya mviringo, kwa sababu mimi nikijua sababu ya kitu sikisahau. Zamani meno ya cheni yalikuwa yamesimama kama ya msumeno wa mkono, yanakwaruza. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon kule Marekani, Joseph Cox, aliona buu la mdudu anayekula mbao likitafuna kisiki. Taya zake zilikuwa zimejikunja kama herufi C, moja kushoto moja kulia, na lilikuwa linakata kila upande wa mbao bila shida. Akaiga umbo hilo, na 1947 akaanza kuuza cheni yenye meno ya namna hiyo. Cheni zetu za leo zimetoka hapo. Ukilitazama jino lako kwa mbele utaiona ile C. Tupa ya pembe tatu haiwezi kuingia kwenye C.

---

Makambako_Boda

Kwa nini mjitese na vibano? Kuna mashine ndogo za umeme za kunolea cheni, jiwe linazunguka, dakika tano umemaliza. Hata grinda ya kawaida inafaa.

---

Mzee_Miwati (Njombe)

Mwanangu, porini umeme uko wapi? Na hata nyumbani, jiwe linaunguza. Jino likigeuka rangi ya bluu ujue ugumu wa chuma umeondoka, litakata gogo moja na kuwa butu tena, na tupa itateleza juu yake. Yapo mafundi wenye mkono mwepesi wanaonoa kwa mashine wakagusa kidogo kidogo, hao nawaheshimu. Grinda ya mkononi kwenye cheni sitaki hata kuiona.

---

Nyololo_Mbao (Mufindi)

Shikamoo mzee Miwati. Asanteni nyote, nimesoma kila neno mara mbili.

Nimepima kwa rula. Mzee umesema kweli bila kuiona mashine yangu. Meno ya kushoto yana milimita 6 hivi, mengine chini kidogo ya hapo. Ya kulia yanacheza kwenye 7 na nusu. Nimeelewa pia sababu: nikikaa na mashine magotini, ya kushoto ndiyo yalikuwa yananipa shida, nikawa nayasugua sana nikidhani nayanoa.

Tupa ya milimita 5.2 nimenunua Mafinga, mbili. Mpini ni gunzi.

Kibano nimekwenda kwa fundi na vipimo vya Fundi wa Ipogolo nimeviandika kwenye karatasi. Amenitoza elfu 12, chuma chake. Jana nimekipigilia kwenye gogo, nikaweka baa, nikakaza. Kimeshika kama jiwe, nimefurahi sana. Nimevuta cheni, haiendi. Nimelegeza, inaenda. Nimekaza, haiendi. Nimeinua baa juu nikaacha nafasi ya kidole chini kama mzee alivyosema, bado. Nimekosea wapi?

---

Mzee_Miwati (Njombe)

Marahaba, mwanangu.

Ni kosa lile lile la kabari moja. Bolti yako inasukuma baa kutoka upande mmoja mpaka inalala kwenye ukuta wa pili wa chuma. Baa ni bapa, lakini meno ya cheni yamejitokeza nje ya ubavu wake. Meno ya chini yanagusa ukuta kabla ya baa. Tazama kwenye ukuta usio na bolti, utaona mikwaruzo mipya.

---

Fundi_Ipogolo (Iringa)

Hapo kosa ni langu, naomba radhi kwa ndugu wa Nyololo. Vibano nilivyotengeneza vilikuwa na kipande cha ziada upande ule na nimesahau kukiandika. Mrudie fundi, akuchomelee kibapa cha milimita 4 ndani ya ukuta usio na bolti, urefu wote wa ukuta, upana milimita 15 tu, kikae usawa wa bolti. Chini yake pabaki wazi. Hapo baa itaegemea kibapa na meno ya chini yatakuwa hewani. Kivike ngozi kama kile kingine.

---

Elburgon_Pawaso (Nakuru)

Ukishapata hicho kibapa, weka pia alama ya pembe. Mimi nimechora mistari miwili juu ya mdomo wa mbao, nyuzi 30 kulia na nyuzi 30 kushoto, jicho linafuata mstari. Kwenye chuma unaweza kukwaruza kwa ncha ya msumari. Cheni zingine zina kimstari kimechongwa mgongoni mwa kila jino, mwishoni, hicho kimelala kwa pembe ile ile na kinaonyesha pia mwisho wa jino. Ukifika hapo cheni imekwisha.

---

Mzee_Miwati (Njombe)

Nyuzi 30 ni za kukata gogo kwa kukingama, kazi anayofanya huyu kijana. Atakayesoma hapa akiwa anapasua mbao kwa urefu kwa chenso, kama tulivyofanya na 070, ashuke mpaka nyuzi 10. Watu wanachanganya haya mambo wanasema cheni mbaya.

Sasa sikiliza namna ya kusukuma. Tupa inatoka ndani ya jino kwenda nje, inasukumwa mbele tu. Ukirudi nyuma iinue, isiguse. Ukiisugua mbele na nyuma kama unaosha sufuria, tupa inakufa ndani ya wiki. Sehemu ya tano ya unene wa tupa ionekane juu ya mgongo wa jino, zaidi ya hapo usiizamishe. Hesabu misukumo. Kama jino la kwanza umelipa misukumo minne, kila jino la upande ule lipate minne, kwa nguvu ile ile. Kibano kimekupa mikono miwili, basi mmoja ushike gunzi na mwingine uongoze ncha ya tupa.

Lakini wewe kwanza lazima usawazishe. Tafuta jino fupi kuliko yote, litie alama, hilo ndilo kipimo. Mengine yote yashushe yalingane nalo. Meno 18 ya kulia utayala sana, inauma kuona chuma kinaondoka, ila huna namna.

Ukishamaliza hapo usikimbilie msituni. Mbele ya kila jino kuna kinundu. Hicho ndicho kinachopima jino linachukua mbao nene kiasi gani. Meno yakishuka na vinundu vikabaki juu, chenso itakuwa kali ukiigusa lakini haili mti, utakuwa unaisukuma kwa kifua. Kinundu kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Huna kipimo cha dukani? Lile jani la msumeno wa chuma lililovunjika, unene wake ni karibu hiyo hiyo 0.65. Laza kitu kilichonyooka juu ya ncha za meno mawili, kisha pitisha mgongo wa lile jani juu ya kinundu, usitumie upande wenye meno kwa sababu umepanuka. Likipita kwa kukwaruza kidogo, uko sawa. Kadi ya benki ni nene zaidi, 0.76. Ikipita kadi, umeshusha mno, na chenso itakuwa inaruka na kukurudia. Tumia tupa bapa, pole pole, na ukimaliza viringisha kidogo kona ya mbele ya kinundu.

---

Nyololo_Mbao (Mufindi)

Wakuu narudi na majibu. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na ukungu siku tatu mfululizo, hata mti wa mita kumi huuoni.

Kibapa kimechomelewa. Cheni inazunguka kibano kikiwa kimekazwa, naivuta kwa vidole viwili. Mistari ya nyuzi 30 nimekwaruza kwa msumari juu ya kuta zote mbili. Jino fupi nimelipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inaonekana hata jioni.

Kusawazisha kulinichukua Jumapili nzima, kuanzia watu walipotoka kanisani hadi saa kumi. Meno ya kulia nilikuwa nayapa misukumo minne, napima, minne tena. Sikujua kwamba unaweza kusikia jino likiwa sawa. Mwanzoni tupa inalia kwa kukwaruza, halafu kuna wakati inaanza kutoa sauti laini ya mfululizo na unga wa chuma unatoka sawasawa. Nilipoisikia hiyo sauti mara ya kwanza nilisimama nikaangalia lile jino kwa muda mrefu. Mwaka mzima nimekuwa nikinoa na sijawahi kuisikia.

Vinundu nilikuta vingi viko juu, jani la msumeno halikupita hata kidogo. Nimevishusha vyote 36. Viwili nilishusha mno, kadi inapita. Hivyo nimeviacha, nitasubiri meno yake yashuke.

Jumatatu nimeingia shambani na mwenye dingdong akiwepo. Gogo la kwanza, sentimita 38. Chenso imezama yenyewe kwa uzito wake, sikuisukuma. Badala ya ule unga uliokuwa unaniingia puani zimetoka chembe kubwa, bapa, ndefu kama punje za mchele. Mwenye dingdong ameweka skwea kwenye kichwa cha gogo. Imelala. Hakusema kitu, ameenda kwenye gogo la pili akaweka tena. Ya wiki hii amenilipa bila kukata.

Kunoa kwa kawaida sasa natumia kama robo saa, kila baada ya kujaza mafuta mara mbili, au papo hapo nikigusa mchanga. Magogo yaliyoburuzwa yana mchanga kwenye magamba, haya nayapiga shoka kidogo pale ninapokata kwanza.

Jambo moja limebaki. Zile nondo za 12 zimeingia vizuri kwenye msindano. Jana tulikuwa kwenye shamba la milingoti, nimezigonga, moja imepinda kama ndoana kabla haijafika nusu. Kibano kimekaa upande.

---

Fundi_Ipogolo (Iringa)

Mlingoti ni mgumu, hasa ukikauka. Kata hizo, weka nondo za 16 na uzifupishe ziwe sentimita 7, ncha iwe butu kidogo isiwe kama sindano. Na kabla ya kugonga, tumia pua ya patasi au ncha ya panga kufungua tundu mbili ndogo. Usigonge juu ya kuta za kibano, utazifunga na baa haitaingia. Gonga kwenye kitako, weka kipande cha mti katikati.

---

Nyololo_Mbao (Mufindi)

Nimekuelewa fundi. Nondo za 16 ziko kwa jirani aliyekuwa anajenga, ameniahidi kipande. Kesho asubuhi napita kwa mchomeleaji kabla ya kwenda shambani.